Uzi: Nanotyubu za kaboni zinafanya kazi gani hasa leo?

MkemiaWaPwani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa betri za pikipiki kuna mdau aliandika kwamba nanotyubu za kaboni ni teknolojia iliyokufa, kwamba tuliahidiwa lifti ya kwenda angani (kebo ndefu ya kupandishia mizigo kutoka duniani) na hadi leo hakuna kitu. Nilitaka kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona lipate uzi wake. Kazi yangu ni elektrodi za betri, yaani zile pande zake mbili, chanya na hasi, niko kwenye maabara huku Ujerumani, na vitu hivi tunavitumia kila wiki. Kwa hiyo naomba mnivumilie.

Msimamo wangu nauweka mapema: hazijafa. Zimeingia kazini kimyakimya, kama kiungo kidogo ndani ya kitu kingine, na ndiyo maana hakuna anayeziona. Zinalipa pale ambapo chembe yake ndogo sana inabadilisha tabia ya kitu kizima. Pale unapotaka kujenga kitu kizima kwa nanotyubu tupu, bado kuna mlima wa kupanda.

Kwa asiyezijua: chukua karatasi ya atomi za kaboni yenye unene wa atomi moja, atomi zimeshikana kwa umbo la pembesita kama wavu wa banda la kuku, (ndiyo inayoitwa grafini), ikunje iwe bomba. Hiyo ndiyo nanotyubu. Ya ukuta mmoja ina kipenyo cha nanomita 1 hadi 2. Ya kuta nyingi, mabomba yaliyo ndani ya mabomba, inafika nanomita 10 na kupanda. Urefu wake ni mikromita kadhaa, pengine makumi ya mikromita. Kwa hiyo urefu unazidi upana mara maelfu. Shikeni hilo la urefu, maana faida karibu yote inatoka hapo.

Anayetajwa sana ni Sumio Iijima wa NEC, Tsukuba, Japani, aliyezionyesha mwaka 1991. Lakini Warusi Radushkevich na Lukyanovich walishachapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani mwaka 1952, na Morinobu Endo na wenzake wakaonyesha zao 1976. Iijima ndiye aliyeufanya ulimwengu ugeuke utazame. Za ukuta mmoja zikaja 1993, kwake na kwa kundi la Donald Bethune wa IBM, mwaka huohuo.

Sasa betri, maana huko ndiko zinakoenda kwa tani.

Betri ya lithiamu ina katodi, ule upande wa chanya, ambayo ni punje za madini zilizopakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini. Tatizo ni kwamba punje hizo hazipitishi umeme vizuri. Za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), zile mafundi wa sola wanazozijua sana, ni wabovu kabisa wa kupitisha umeme. Elektroni lazima zipate njia kutoka kwenye alumini mpaka kwenye kila punje, na punje isiyofikiwa ni mzigo tu ndani ya betri. Miaka yote njia hiyo ilijengwa kwa masizi maalumu ya kaboni. Masizi ni viduara vidogo. Ili vifanye njia lazima viguseane kimoja baada ya kingine, kwa hiyo unahitaji vingi, asilimia 2 hadi 4 ya uzito wa katodi. Na kila gramu ya masizi ni gramu isiyohifadhi chaji.

Nanotyubu moja ndefu inashika nafasi ya mlolongo mzima wa viduara hivyo. Unapunguza mpaka chini ya asilimia 1, na ukitumia za ukuta mmoja unashuka mpaka sehemu chache za mia za asilimia moja. Nafasi iliyobaki unajaza madini yanayohifadhi chaji, na ukinzani wa ndani unashuka, kwa hiyo betri inavumilia kuchajiwa haraka.

Upande wa hasi nako kuna kazi. Watengenezaji wanataka kuchanganya silikoni na grafiti, kwa sababu silikoni kwa nadharia inabeba lithiamu karibu mara kumi ya grafiti kwa gramu ileile. Shida ni kwamba ikijaa lithiamu inavimba, ujazo unaongezeka kwa kama asilimia 300, halafu inanywea. Baada ya mizunguko michache masizi yanaachana na punje na umeme unakatika. Nanotyubu za ukuta mmoja ni ndefu na zinapinda bila kukatika, zinaendelea kushika punje hata ikivimba. Kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo nanotyubu zimepewa hadi leo.

Ninaposema tani si chumvi. LG Chem ya Korea Kusini ilikamilisha kiwanda cha tani 1,200 kwa mwaka huko Yeosu mwaka 2021, uwezo wao ukafika tani 1,700. China kuna Cnano, na OCSiAl yenye makao Luxembourg inauza za ukuta mmoja.

Kuzichanganya ndiko kwenye kazi. Unga wenyewe ni mweusi tii na mwepesi mno, kopo la lita moja likijaa linakuwa na gramu makumi tu. Nyuzi zinang'ang'aniana madonge madonge, na donge halina faida yoyote kwenye katodi. Kwa hiyo unga unasagwa ndani ya kiyeyusho pamoja na dawa ya kutenganisha, unakuwa rojo. Ukisaga kidogo, madonge yanabaki. Ukisaga sana, nyuzi zinakatika zinakuwa fupi na umepoteza kile ulichonunua. Sisi tunapima kwa kipande cha chuma chenye mfereji ambao kina chake kinapungua polepole mpaka sifuri, pembeni kuna vipimo vya mikromita. Unaweka tone la rojo upande wenye kina, unalivuta kwa kisu bapa mpaka mwisho. Ukiinamia kwenye mwanga unaona mahali michirizi inapoanza: hapo donge limekuwa kubwa kuliko kina cha mfereji likaburuzwa na kisu. Michirizi ikianza mapema, rojo linarudi kwenye mashine.

Naishia hapa kwa sasa. Maswali karibuni.

---

FundiSola_Mbeya

Mkuu shukrani, uzi wa maana. Swali la mtaani kabisa: huku kuna watu wanauza betri zimeandikwa "nano" na "grafini" kwa bei ya juu. Mteja anakuja ananiuliza kama ni kweli. Namjibu nini?

---

MkemiaWaPwani

Fundi, mwambie hilo neno lisimwongezee bei hata shilingi. Kama nilivyoeleza, betri nyingi nzuri huenda zina nanotyubu ndani na hazikuandikwa popote. Aangalie vitu vinavyopimika: wati-saa ngapi, mizunguko mingapi ya chaji na kwa kina gani cha kutumia, BMS (saketi inayoilinda betri) inaruhusu mkondo wa ampea ngapi, dhamana inasemaje. Wewe una mita na una mzigo wa kupimia. Ichaji ijae, itoe chaji kwa mkondo unaojulikana, hesabu wati-saa ulizopata, linganisha na zilizoandikwa. Betri ya uongo inajulikana hapo, na hakuna stika itakayoificha.

---

Bi_Mwanaisha

Asante kaka kwa elimu. Mimi ni mtu wa eksirei, hospitali ya wilaya. Niliwahi kusikia kwenye semina kwamba kuna mashine za eksirei zinazotumia nanotyubu. Ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

---

MkemiaWaPwani

Ni kweli dada, na nimefurahi umeuliza, maana nilisahau kuiweka pale juu.

Kwenye tyubu ya kawaida ya eksirei kuna waya wa tungsteni unaopashwa mpaka nyuzi joto 2,000 na zaidi ili utoe elektroni. Hilo wewe unalijua kuliko mimi: unasubiri ipate joto, ikizidi lazima ipoe. Nanotyubu ncha yake ni nyembamba mno, kwa hiyo ukiiwekea volti, uga wa umeme unajikusanya kwenye ncha na elektroni zinachomoka zenyewe bila joto. Unaiwasha na kuizima kwa swichi ya elektroniki tu. Kazi kubwa ya mwanzo ilifanywa na Otto Zhou na wenzake, Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani.

Kwa kuwa kila chanzo ni kidogo na baridi, unaweza kupanga vyanzo vingi kwenye mstari ukapiga picha kutoka pembe tofauti bila kuzungusha tyubu. Kampuni ya Micro-X ya Adelaide, Australia, ilitengeneza mashine ya kusukuma wodini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018, uzito wake chini ya kilo 100. Linganisha na zile za kusukuma mlizozizoea.

---

Bi_Mwanaisha

Za kwetu zinasukumwa na watu wawili na kwenye ngazi hazipandi. Mgonjwa ndiye anayeletwa kwenye mashine, hata aliyevunjika nyonga. Kama kweli iko chini ya kilo 100 basi hiyo ndiyo habari ya uzi huu kwangu, betri nawaachia ninyi.

---

Mwanafunzi_CoET

Mkuu, chipu je? Tulifundishwa kwamba silikoni inafika mwisho na nanotyubu ndiyo mrithi.

---

MkemiaWaPwani

Mdogo wangu, huko kumekwenda polepole kuliko ilivyotarajiwa, na sababu yake inaeleweka vizuri.

Ule wavu unaweza kukunjwa kwa pembe tofauti. Pembe ikiwa hivi, nanotyubu inakuwa nusukipitishi, inafaa transista, ile swichi ndogo ya ndani ya chipu. Pembe ikiwa vile, inakuwa kama metali, na metali haizimiki. Ukizikuza kwenye tanuri bila kuchagua, kama theluthi moja zinatoka za metali. Transista moja yenye bomba la metali inavujisha umeme muda wote, na kwenye chipu ya mabilioni ya transista huwezi kukubali hata chache.

Hatua zilizopigwa ni hizi. 1998, kundi la Cees Dekker huko Delft, Uholanzi, walitengeneza transista ya nanotyubu moja inayofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. 2013, Stanford, wakina Max Shulaker, Subhasish Mitra na Philip Wong wakajenga kompyuta nzima kwa transista 178, ya biti moja, ndogo lakini inaendesha programu. 2019, Shulaker akiwa MIT, wakatoa RV16X-NANO, prosesa ya biti 16 yenye transista zaidi ya 14,000. Walichofanya cha akili ni kupanga saketi kwa namna ambayo mabomba ya metali yakiwepo kidogo hayaharibu hesabu, badala ya kudai usafi usiowezekana kupatikana.

Transista 14,000 kwa silikoni tulizipita miaka ya 1970. Kwa hiyo usiisubiri kwenye simu yako ijayo.

Ila kuna mlango wa pembeni. Chipu za kisasa zinachorwa kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri (EUV), wa nanomita 13.5, na ile ramani ya kuchorea inahitaji kifuniko chembamba cha kuzuia vumbi. Kifuniko lazima kipitishe karibu mwanga wote na kivumilie joto kali. Taasisi ya utafiti ya Imec ya Ubelgiji na kampuni ya Mitsui Chemicals ya Japani wanakitengeneza kwa utando wa nanotyubu. Yaani nanotyubu zinakuja kumsaidia silikoni aliyetakiwa kustaafu.

---

Mzee_Kinywe

Vijana, nawasoma kwa makini. Mimi ni mtu wa Mahenge. Hapa kwetu ardhi imejaa madini ya kinywe, na kinywe ni kaboni. Kwa nini tusitengeneze hizi nyuzi wenyewe badala ya kusafirisha mchanga?

---

MkemiaWaPwani

Shikamoo mzee. Swali lako lina uzito, naomba nilijibu bila kukuzungusha.

Kinywe cha Mahenge, ndiyo ile grafiti niliyoitaja, kinahitajika sana kwenye betri, ila kwa upande ule wa hasi: kinasafishwa, punje zinaviringishwa, zinapakwa. Hiyo ndiyo hatua ya kuipigania ifanyike nchini, na thamani kubwa iko hapo.

Nanotyubu hazitengenezwi kwa kinywe siku hizi. Mwanzoni walikuwa wanachoma fimbo za grafiti kwa cheche ya umeme, lakini kiwandani sasa wanatumia gesi. Unapitisha methani au ethilini ndani ya tanuri la nyuzi joto 600 hadi 1,000 hivi, juu ya chembe ndogo sana za chuma, kobalti au nikeli. Gesi inavunjika juu ya chembe, kaboni inaota kama bomba, na haidrojeni inatoka. Kwa hiyo malighafi ya kufikiria ni gesi asilia yetu ya Songosongo na Mnazi Bay kuliko kinywe. Tena kuna watu Marekani, kampuni ya Huntsman mmojawapo, wanaoitazama njia hii kama namna ya kupata haidrojeni na kaboni ngumu kutoka methani bila kutoa hewa ukaa kwenye mchakato wenyewe.

Vikwazo vipo. Umeme wa uhakika saa 24, wahandisi wa kuchunga tanuri, na mnunuzi wa karibu. Bila kiwanda cha elektrodi ukanda huu, tutakuwa tunazalisha kitu ambacho mteja wake yuko Korea na China, na wao wanazalisha wenyewe.

---

Kasai_Lubumbashi

Bwana Mkemia, umetaja kobalti. Sisi huku Katanga tukisikia kobalti tunasimamisha masikio. Hizo nyuzi zinakula kobalti nyingi?

---

MkemiaWaPwani

Hapana ndugu, ni kidogo sana, chembe za nanomita chache tu za kuanzishia. Kobalti ya kwenu inakwenda kwenye katodi zenyewe za betri nyingi zisizo LFP. Na kiwandani nyingi hukuzwa kwa chuma. Tena mabaki ya metali hizo ndani ya nanotyubu ni adui wa betri: kipande cha chuma kikiyeyuka na kujijenga upya upande wa pili kinaweza kutoboa kitenganishi, ule utando unaotenga pande mbili, na kufanya shoti. Kwa hiyo husafishwa kwa asidi au kwa joto kali kabla ya kuuzwa.

---

Nyaya_Za_Mombasa

Na nyaya za umeme? Huku shaba inaibiwa usiku kucha. Tukipata waya wa kaboni usio na bei kwa mwenye kununua vyuma chakavu, tutapumzika.

---

MkemiaWaPwani

Ndugu yangu, bado. Kundi la Matteo Pasquali, Chuo Kikuu cha Rice, Texas, wanasokota nyuzi za nanotyubu kutoka kwenye asidi, na walifika upitishaji kama moja ya tano ya shaba, kwa ujazo uleule. Lakini uzi huo ni mwepesi kama mara tano kuliko shaba, kwa hiyo kwa kilo wanakaribiana. Ndiyo maana wanaoutaka kwanza ni watu wa ndege na satelaiti, ambao kila gramu wanailipia. Chombo cha Juno kilichofika Jupita 2016 kina karatasi za nanotyubu kwenye baadhi ya sehemu zake za kukinga umeme tuli. Nguzo ya mtaani haihitaji wepesi, inahitaji bei, na hapo alumini ndiyo mshindani, wala haina bei ya shaba kwa mwizi.

Na nikigusia umeme tuli, kuna matumizi ya zamani kuliko yote ambayo watu hawayajui. Mafuta ya gari yakipita kwenye bomba la plastiki yanajenga umeme tuli, na cheche kwenye petroli mnajua mwisho wake. Hyperion, kampuni ya Massachusetts iliyokuwa na hataza ya nyuzi hizi tangu 1987, walichanganya nanotyubu asilimia chache kwenye nailoni ya mabomba ya mafuta, umeme ukapata njia ya kutoka. Kwa masizi ya kawaida ungehitaji mengi mpaka plastiki inakuwa dhaifu. Vivyo hivyo kwenye vipande vya plastiki vya nje ya gari vinavyopakwa rangi kwa umeme: plastiki ikipitisha umeme, rangi inavutwa ikakaa vizuri.

---

Mpinzani_Mkweli

Mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe. Nimesoma yote, nakubali ya betri. Ila hujagusa lifti ya angani wala hujagusa mapafu. Nilisoma kwamba hizi ni asbesto mpya, yale madini ya nyuzi yanayoleta saratani ya mapafu.

---

MkemiaWaPwani

Karibu mkuu, ulichoandika ndicho kilichozaa uzi huu.

Lifti kwanza, kwa ufupi. Mwaka 2000 kundi la mwanasayansi Rodney Ruoff walivuta nanotyubu moja moja wakapata nguvu ya gigapaskali 11 hadi 63, wakati chuma kizuri hakizidi chache. Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walikuza za urefu wa nusu mita mwaka 2013, na 2018 wakaonyesha vifungu vya sentimita kadhaa vyenye zaidi ya gigapaskali 80. Lakini uzi wa kawaida unaosokotwa kwa nyuzi fupi unapata gigapaskali chache tu, kwa sababu nyuzi hazikatiki, zinateleza zikaachana. Lifti inahitaji kebo inayopita kilomita 36,000 bila kasoro. Kampuni ya ujenzi ya Obayashi ya Japani walisema 2012 kwamba wanalenga 2050. Mimi siiwekei matumaini.

Mapafu ndiyo jambo zito, na hapa naomba mafundi wote msome.

Mwaka 2008 wanasayansi wa Edinburgh, Ken Donaldson akiwemo, waliweka nanotyubu ndefu za kuta nyingi kwenye tumbo la panya, kwenye utando wake wa ndani. Zile ndefu na zilizonyooka zilileta uvimbe wa aina ileile ya asbesto. Fupi na zilizojikunja hazikufanya hivyo. Sababu ni kwamba seli inayosafisha mwili humeza kitu kikaisha. Uzi ukiwa mrefu kuliko seli yenyewe, hauwezi kumezwa, na seli inabaki ikimwaga kemikali za kuunguza eneo lile. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka aina moja, MWCNT-7, kwenye kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hazikuwa na ushahidi wa kutosha kuamuliwa. Marekani, NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini, ilipendekeza 2013 kikomo cha mikrogramu 1 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya kazi.

Kwa hiyo si kila nanotyubu ni asbesto, na wala si salama zote. Ikiwa ndani ya plastiki au imegandishwa kwenye elektrodi, haikufikii. Hatari iko kwa anayeshika unga mkavu, anayekata, anayepiga msasa, anayesaga betri chakavu. Mimi nikifungua kopo la unga ni ndani ya kabati lenye kufyonza hewa, barakoa ya chujio la P3, glavu mbili. Anayevunja seli kwa nyundo chini ya mwembe hana chochote kati ya hivyo, na pale si nanotyubu peke yake: kuna madini ya katodi na kiyeyusho kinachotoa sumu kikigusa unyevu. Msifungue seli ndugu zangu. Badilisheni seli nzima, ile mbovu iende kwa wakusanyaji.

---

FundiSola_Mbeya

Nimekuelewa mkuu. Kuna vijana kwenye karakana ya jirani wanazipasua kutafuta shaba. Kesho nakwenda kuzungumza nao.

---

Mwanafunzi_CoET

Mkuu swali la mwisho. Nataka mradi wangu wa mwaka wa mwisho uwe wa nanotyubu, maabara yetu haina hadubini ya elektroni. Kuna kitu naweza kufanya chenye maana?

---

MkemiaWaPwani

Kipo, na ni kizuri. Usiagize unga. Agiza zilizokwisha kutawanywa ndani ya maji, chupa ndogo inatosha, hivyo vumbi hulishughulikii. Changanya kwenye mpira wa maji, ule wa lateksi, kwa viwango tofauti: asilimia 0.05, 0.1, 0.2, 0.5, 1 ya uzito mkavu. Mimina kwenye kioo, acha ikauke, kata vipande vya vipimo sawa, paka rangi ya fedha kwenye ncha ili mita ishike vizuri, pima ukinzani.

Mwanzoni mita haitaonyesha kitu. Halafu kuna kiwango kimoja ambapo ukinzani utaanguka ghafla mara maelfu, kwa sababu ndipo nyuzi zinapoanza kugusana kutoka ncha moja mpaka nyingine. Tafuta kiwango hicho kwa kuongeza vipande katikati, kisha rudia jaribio lote kwa masizi ya kaboni ulinganishe. Ukimaliza, kivute kipande cha nanotyubu kidogo kidogo huku mita ikiwa imeunganishwa, uandike ukinzani kwa kila milimita. Kaushia kwenye joto moja kila mara, unyevu utakuharibia namba. Grafu ikipatikana ilete hapa tuisome pamoja.